Kutoka senote za Meksiko hadi maji ya nyuzi 4: jibu kwa mdau aliyehamia Ufini

Mkuu, umesema una cheti cha kuzamia mapango ulichochukulia Tulum, Meksiko, senote (mashimo ya mawe ya chokaa yaliyojaa maji) umezizoea, na sasa kazi imekuleta Ufini. Unataka kuingia mgodi wa Ojamo msimu huu wa barafu, halafu mwakani pango la Plura kule Norwei, na umeuliza kama suti kavu (isiyoingiza maji), fulana ya umeme ya kupasha mwili joto na gesi ya agoni ya kujaza suti vitatosha. Havitoshi. Nitaeleza kwa kirefu, maana nimeona wazamiaji wazuri sana kutoka maji ya joto wakikwama huku kwenye jambo lile lile.

Maji ya senote ni nyuzi 25 hivi. Ojamo, pale Lohja, ukishapita tabaka la juu ni nyuzi 4 au 5 kiangazi na masika. Ni mgodi wa mawe ya chokaa uliojaa maji, una njia pana na maji maangavu, na huo upana na uangavu ndio unaowapa watu moyo wa kwenda mbali. Kule Meksiko kilichokuwa kinakurudisha ni gesi: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya akiba. Huku joto la mwili nalo lihesabu vivyo hivyo. Kabla sijaamua tutafika wapi najiuliza: betri ya fulana ikizima au glavu ikitoboka nikiwa mwisho kabisa wa kamba ya kuonyesha njia, nitaweza kutoka na kumaliza vituo vyangu vyote vya kupunguza presha, yaani kusimama njiani wakati wa kupanda ili gesi itoke mwilini taratibu? Kama siwezi, sifiki hapo, hata mitungi iwe imejaa.

Anza na mikono, kwa sababu ndiyo inayokwisha mapema. Zamia na glavu kavu, na ndani yake vaa glavu za sufu. Kwenye kifundo cha mkono, chini ya mpira wa suti, wengi wetu hupitisha kijiuzi kinene au kimrija ili hewa ya suti iingie kwenye glavu, la sivyo ukishuka tu glavu inakubana mpaka vidole vinakufa ganzi. Lakini kijiuzi hicho hicho, glavu ikichanika kwenye jiwe, ndiyo njia ya maji ya nyuzi 4 kupanda mkononi hadi kwapani. Kwa hiyo jifunze kukichomoa mapema, ama ukubali kuishi nacho na ufupishe safari. Sasa chukua rili (kibiringo cha kamba) yako ya Meksiko na zile klipu ndogo ulizozoea, uzishike ukiwa na glavu hizo. Hutaweza kuzifungua. Badilisha klipu zote ziwe kubwa, halafu rudia mazoezi yako yote upya: kufunga valvu za mgongoni, kufunga fundo kwenye kamba, kufuata kamba umefumba macho. Kupitia glavu mbili, kamba nyembamba hutaihisi kama ulivyokuwa unaihisi kwa kidole kitupu, na alama ya mshale inayoonyesha njia ya kutokea unaweza kuipita bila kujua. Fanya mazoezi hayo kwenye kina kifupi, nje ya handaki, mpaka uchoke.

Jambo linalowapita wengi ni lini uwe na joto na lini uwe na baridi. Jeshi la Majini la Marekani, kwenye kituo chake cha majaribio ya mbizi, lilitoa mwaka 2007 utafiti uliopima hilo kwenye kina cha futi 120, kama mita 37. Waliokuwa na joto chini kisha wakapata baridi wakati wa kupanda waliugua ugonjwa wa presha (mapovu ya gesi mwilini) zaidi kwa mbali kuliko waliokaa na baridi chini kisha wakapashwa joto wakati wa kupanda, ingawa hawa wa pili walikaa chini muda mrefu zaidi. Sababu inaeleweka: ukiwa na joto damu inafika kwenye misuli na ngozi vizuri, inabeba gesi na kuipakia, ukipoa, mishipa inajibana na ile gesi inakosa njia ya kutoka.

Tazama sasa Ojamo wakati wa barafu. Maji matamu huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4, kwa hiyo hayo hukaa chini, na yanayokaribia sifuri hukaa juu, chini ya barafu. Maana yake vituo vyako vya mita 6 na 3, vile virefu kuliko vyote, utakaa kwenye maji baridi kuliko ya chini ulikotoka. Ukiwasha fulana kwa nguvu tangu unaingia na betri ikaishia kwenye mita 6, umejitengenezea ile hali mbaya kabisa kwa mikono yako. Mimi huiwasha kidogo sana chini, nikaipandisha nikifika vituoni, na betri ya pili huwa na waya wake tayari. Mpango wa vituo naupanga kana kwamba fulana haipo.

Regulata, vile vifaa vya kupumulia gesi ya mtungi, nazo zinahitaji heshima. Gesi ikitoka kwenye presha ya mtungi inapoa vikali, na maji matamu yanaganda kwenye sifuri wakati bahari inasubiri hadi karibu nyuzi 2 chini yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza, sehemu ya regulata inayofungwa kwenye mtungi, iwe ya aina iliyozibwa kwa ajili ya baridi, usivute pumzi juu ya barafu kabla ya kuzama, na usijaze suti huku unavuta pumzi kutoka mtungi huo huo. Ikianza kumwaga gesi, valvu ifungwe papo hapo. Ndiyo maana nimeanza na vidole.

Plura ni pango halisi la marumaru, karibu na Mo i Rana, si mbali na mzingo wa Aktiki. Februari 2014 Wafini watano walijaribu kuvuka kutoka Plura hadi mlango wa pili, Steinugleflåget, kina zaidi ya mita 100, na wawili walifariki. Wazamiaji wa Kiingereza walioitwa kuwatoa walisema ni hatari mno. Machi mwaka huo marafiki zao wenyewe wakarudi na kuwatoa. Walikuwa watu wenye uzoefu mkubwa. Kwako sehemu ya mwanzo, hadi kwenye ukumbi mkavu, inatosha kwa miaka. Na ukienda na ribriza, kifaa kinachosafisha pumzi unayotoa ili uivute tena, kumbuka chokaa inayonyonya hewa ukaa hufanya kazi vibaya kwenye baridi: usichukue muda uliozoea Meksiko.

Ushauri wangu: subiri Agosti. Maji ya juu Ojamo yatakuwa na joto, vituo utavifanya kwa raha, na utajua suti yako ikoje kabla ya barafu. Agoni achana nayo kwanza. Ni kweli hupitisha joto kidogo kuliko hewa, lakini nguo nene ya ndani inakusaidia zaidi. Cha muhimu usijaze suti kwa mchanganyiko wenye heli. Pesa ya agoni nunua betri ya pili na jozi mbili za glavu.