Unapofunga Inveta, Anza na Nyaya na Ncha za Betri

Mtu anayetaka umeme wa akiba nyumbani huuliza kwanza bei ya inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani, kisha idadi ya betri, na ni nadra kuuliza unene wa kebo itakayoviunganisha. Katika nyumba nilizoitwa kukagua Dar es Salaam, palipoungua aghalabu palikuwa hapo hapo pasipoulizwa: kwenye kebo fupi ya betri na ncha zake.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Vifaa vya wati 1,500 vinapotumia umeme wa kawaida wa volti 230 huvuta takriban ampea 6.5, lakini mzigo huohuo ukibebwa na betri ya volti 12 unahitaji ampea 125, na ukijumlisha nishati inayopotea ndani ya inveta hukaribia ampea 140. Betri ikiwa umbali wa mita 2, kwenda na kurudi ni mita 4, na kebo ya shaba ya milimita za mraba 10 itakula karibu volti nzima njiani, kiasi kwamba inveta itapiga kengele ya betri dhaifu wakati betri ingali na chaji, huku kebo yenyewe ikichemka. Ya milimita za mraba 35 hupoteza chini ya volti 0.3. Kwa mzigo unaozidi huo, ni heri kuchagua mfumo wa volti 24 au 48 kuliko kuendelea kunenepesha kebo.

Hata kebo nene haisaidii kiungo kikiwa kibovu. Ukinzani wa omu 0.001 tu, ukipitiwa na ampea 140, hutoa joto la karibu wati 20 mahali padogo kama kichwa cha bolti, na plastiki iliyo jirani haivumilii hali hiyo kwa muda mrefu. Kwa hiyo nasisitiza lagi ya shaba, yaani kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa kebo, inayolingana na kebo, yenye tundu linalolingana na bolti, ikibanwa kwa koleo yake maalumu. Lagi iliyopondwa kwa nyundo, au nyuzi zilizosokotwa tu kuzunguka bolti, zikataliwe. Ncha ya betri isuguliwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae, kisha lagi ilale moja kwa moja juu yake, ifuatwe na washa (pete ya chuma) bapa, washa ya springi na nati. Nimekuta mara nyingi washa ya chuma imewekwa kati ya lagi na ncha, na umeme wote ukalazimika kupita ndani ya chuma hicho, ambacho hupitisha umeme vibaya kuliko shaba.

Fyuzi iwekwe kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha kebo kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Iwe ya mkondo mnyoofu (DC), ambao ndio wa betri. Breka ya kawaida ya nyumbani haifai badala yake, kwa kuwa hutegemea mkondo geu (AC), ambao hufika sifuri mara 100 kwa sekunde na hivyo kusaidia cheche kuzimika. Umeme wa betri haufiki sifuri, na cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka iliyokwisha kukatika.

Upande wa nyumba ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa swichi ya kubadilisha chanzo inayokata laini na nyutro kwa pamoja. Kamwe usikubali waya wenye plagi pande zote mbili, unaochomekwa kwenye soketi ili kulisha nyumba. Umeme huo unaweza kurudi hadi kwenye transfoma, ukapandishwa kufikia volti 11,000 au 33,000, na kumuua fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie awashe mzigo kamili kwa nusu saa, kisha apime joto la kila kiungo. Kikipatikana kimoja chenye joto kuliko wenzake, mfumo uzimwe, kifunguliwe, kisafishwe na kukazwa upya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha betri.