King'amuzi changu kiko palepale

Wiki iliyopita mliuliza: "Umewahi kuachana na king'amuzi ukahamia kutazama TV kwa intaneti? Imekulipa?"

Imenilipa, ila nisiwadanganye: kilichonilipa si kile kidude cha kuchomeka nyuma ya TV ili ionyeshe vya intaneti, ni faiba, yaani intaneti ya waya. Nilihama mwaka 2023, waya wake ulipofika mtaani kwetu Tabata.

Kabla ya hapo nilijaribu kwa bando la simu nikaumbuka. Nilinunua kidude Kariakoo, nikakichomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV, nikawasha hotspoti, watoto wakakaa mkao wa kula. Bando nililonunua Ijumaa jioni, nikitegemea litupeleke wiki nzima, likakata Jumamosi kabla ya adhuhuri. Kumbe filamu moja yenye picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Nyumba inayotazama saa tatu kwa siku, hiyo ni GB 270 kwa mwezi! Kwa mfuko wangu hakuna bando la kufika huko. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama intaneti unanunua kwa GB, baki na king'amuzi chako na usijione mshamba. Ukiwa na hamu sana, ingia kwenye mipangilio ushushe picha hadi 480p, yaani ubora wa chini ya HD. Matumizi yanashuka hadi karibu GB 1 kwa saa, na kwenye TV ya inchi 32 kama yangu huoni tofauti ya kukukosesha usingizi.

Kidude nacho kilinisumbua mwanzoni. Kinazima, kinawaka, kinazima tena, nikawa nimeshafungasha nikarudishe dukani. Fundi wa mtaani akaangalia nyuma ya TV, akacheka. Nilikuwa nakipa umeme kutoka kwenye tundu la USB la TV, ambalo kwa TV nyingi hutoa nusu ampea tu, nacho kinataka ampea nzima. Nikakihamishia kwenye adapta ya ukutani, kikatulia mpaka leo.

Kero isiyo na fundi ni mpira. Video ya intaneti husafiri vipande vipande vya sekunde chache, na kidude hujiwekea akiba ya vipande kadhaa kwanza ndipo kionyeshe. Jirani yangu ana dishi. Siku ya Simba na Yanga, kwake wameshapiga kelele za goli, kwetu kipa bado ameshika mpira mkononi. Mume wangu alivumilia mechi mbili. Siku hizi dabi ikifika anabeba soda yake anahamia kwa jirani, na sebule inabaki yangu na tamthilia zangu. Sijalalamika.

King'amuzi cha zamani, kile cha antena, sikukitupa. Tulikinunua analojia ilipozimwa Dar mwisho wa mwaka 2012, na sikuwa na moyo wa kukitoa nyumbani. Nilikifunga kwenye mfuko nikakiweka juu ya kabati. Wa kwanza kukiulizia alikuwa mama mkwe, alipokuja kutoka Korogwe. Aliishika ile rimoti ndogo ya kidude, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mwanangu, namba ziko wapi humu?"

Nikamweleza kwamba siku hizi unatafuta kwa picha, mama, unasogeza kulia, unashuka chini. Akaniitikia kwa adabu, akaiweka mezani, hakuigusa tena. Taarifa ya habari ya saa mbili akawa anasubiri mjukuu amwekee.

Basi Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zikapata hitilafu, mtandao ukawa wa kubahatisha nchini. Faiba yangu na ujanja wangu wote, kwenye TV kaduara kanazunguka tu. Nikapanda kwenye kiti, nikashusha king'amuzi, nikakifuta vumbi, nikachomeka antena. Kifurushi kilikuwa kimekwisha zamani, lakini chaneli za nyumbani za bure zikaja.

Mama mkwe akanyoosha mkono apewe rimoti. Tangu siku hiyo king'amuzi kiko sebuleni, na hata akiwa Korogwe sijathubutu kukirudisha kabatini.