Muulize Nesi: Nimfungie chumbani mpaka arosto imtoke?

*Safu hii huandikwa na nesi mstaafu wa Mombasa, aliyefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili na baadaye kwenye dirisha la methadoni, dawa wanayopewa waliozoea heroini. Barua zimefupishwa na majina ya waandishi yameachwa.*

Shikamoo Bi Nesi. Kijana wangu ana miaka 26, na huu ni mwaka wa nne yuko kwenye unga, yaani heroini. Alianza na kokteli, ule unga uliochanganywa na bangi, sasa anajidunga. Ameuza mtungi wa gesi, ameuza sufuria zangu za biashara, na juzi kang'oa mlango wa bati wa choo akaupeleka kwa wanunuzi wa vyuma. Wajomba zake wamekaa kikao wakaamua afungiwe chumbani siku 10 mpaka arosto, yale mateso ya kuukosa unga, imtoke, kisha apelekwe Taveta kwa babake mdogo akalime. Mwenyewe hajakubali wala hajakataa. Naogopa, lakini nimechoka kuliko ninavyoogopa. – Mama, Kisauni

Marahaba mwanangu. Hizo siku 10 kijana wako atazimaliza, na hapo ndipo mimi ninapoanza kuogopa.

Arosto ya unga ina ratiba yake. Saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho huanza miayo, kamasi na machozi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi: mifupa inamwuma, anatapika, anaharisha, vinyweleo vinamsimama, hakai wala halali. Ikitimia wiki imeshashuka. Ni mateso, lakini kwa kijana asiye na maradhi mengine, akipata maji ya kutosha, ni nadra arosto yenyewe kumuua. (Mlevi wa chang'aa wa kila siku ni habari nyingine kabisa. Huyo ukimkatia pombe ghafla anaweza kupata degedege akafa mikononi mwenu. Asifungiwe, apelekwe hospitali.)

Sasa fikiria siku ya 11. Hamu ya unga iko pale pale, ila mwili umeshasahau kuuhimili. Anapita maskani, wenzake wanafurahi kumwona, wanamtengea kiasi kile kile alichokuwa akijidunga zamani. Pumzi inapungua, inapungua, inakata. Mwaka 2003 watafiti wa London wakiongozwa na John Strang walichapisha habari za wagonjwa waliokuwa wamelazwa ili kuachishwa heroini, wakawafuatilia baada ya kutoka wodini. Waliokufa kwa kuzidisha dozi wote walitoka katika lile kundi lililomaliza matibabu yake vizuri na kutoka mwili ukiwa umesafika. Waliokatiza njiani, wale ambao kila mtu angewaita walioshindwa, hakufa hata mmoja kwa njia hiyo. Na hao walikuwa wodini, na madaktari, si chumbani na kufuli.

Najua wajomba watakutajia fulani wa mtaani aliyefungiwa zamani akapona. Inawezekana ni kweli. Lakini unga wa ujana wao hapa pwani ulikuwa ule wa kahawia, ukivutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaingia mweupe, na sindano ikashika kasi. Anayevuta akizidiwa huwa na nafasi ya kusita kabla hajavuta tena. Anayejidunga, dozi yote imeshaingia mshipani kabla hajajua.

Kuhusu Taveta, wajomba wana hoja kuliko wanavyojua. Wanajeshi wengi wa Marekani walitumia heroini vitani Vietnam, na serikali yao ikahofia kwamba watarudi nchini wakiwa mateja. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia. Katika wale waliokuwa wamezoea heroini kule Vietnam, ni kama 5% tu walioirudia kiasi cha kuitegemea ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Kuhama kulisaidia sana. Lakini angalia walihama kutoka wapi kwenda wapi: heroini waliiacha vitani, wao wakarudi kwa mama zao, kwa kazi na shule. Kijana wako anaiacha nyumbani, na nyumbani atarudi. Atarudi Idi, atarudi kwenye msiba, au babake mdogo atachoka naye mwezi wa tatu ampandishe matatu. Taveta iwe baadaye, akiwa ameshatulia kwenye dawa na kukiwa na mpango wa kuipata dawa huko aendako.

Dawa yenyewe ni methadoni, na kliniki yake iko huko huko Kisauni kwenu. Ni ya ukoo mmoja na heroini, lakini mwendo wake ni mwingine: hunywewa mara moja kwa siku, hupanda polepole, na hukaa mwilini saa 24 na zaidi. Arosto haiji, na ile stimu ya sindano pia haiji. Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yake New York mwaka 1965. Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa Kenya ilianza hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ikafuata Malindi mwanzoni mwa 2015, kisha ikafika kwetu. Huanza na dozi ndogo inayopandishwa kwa wiki kadhaa, na wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Dozi ikiwa chini ya anayohitaji ataijazia na unga, na watu watasema kashindikana. Kabla ya kumlaumu, ulizeni dozi. Kwa kawaida mtu hupitia kwanza kwa mashirika yanayowafuata vijana maskani, kama Reachout au MEWA, wakamwandikisha na kumwandaa. Nenda wewe kwanza, peke yako, uwaulize wanapokea siku gani.

Umesema hajakataa wala hajakubali. Hilo ni jambo kubwa, usilipoteze kwa kikao kingine. Mwaka 1999 William Miller na Robert Meyers, kule New Mexico, walilinganisha njia tatu za familia kumvuta mlevi wa pombe aende kutibiwa. Njia ya kumkalisha chini familia nzima na kumsomea makosa yake iliwapeleka 30% kwenye matibabu. Ile ya jamaa kujishughulisha na roho zao tu na kumwachia mwenyewe ilipeleka 13%. Ya tatu, ya kumfundisha mama au mke namna ya kukaa naye siku hadi siku, ilipeleka 64%.

Kwako wewe ingekuwa hivi. Asubuhi ambayo yuko sawa, mwekee mahamri na mbaazi, kaa naye, ongea habari za mpira, usiguse unga. Akirudi amelewa, usigombane naye na usimpikie. Ingia ndani ulale. Mlango wa choo aliouuza usiufiche kwa babake wala usikope kuurudisha. Kisha subiri siku atakayosema mwenyewe, "Mama, nimechoka." Kwa mateja siku hiyo huja mara nyingi, na hupita upesi. Siku hiyo uwe umeshajua kliniki inafunguliwa saa ngapi, nauli iko kwenye leso, mnatoka wakati huo huo. "Twende Jumatatu" hiyo usiithubutu.

Na kwa kuwa anajidunga, jueni hili nyumbani. Mkimkuta anakoroma kwa namna ya ajabu, midomo na kucha zimegeuka samawati, haamki ukimfinya, huyo amezidiwa. Nimeona watu wakimmwagia mtu wa namna hiyo ndoo ya maji na kumsukumizia maziwa mdomoni. Maziwa yanaingia mapafuni. Mlaze ubavu, na kama hapumui mpulizie pumzi mdomoni, huku mwingine akitafuta gari. Dawa ya kumzindua ni naloksoni, ulizia kwa hayo mashirika. Huamsha kwa dakika chache, lakini nguvu zake zinaweza kuisha mapema kuliko za unga, kwa hiyo hata akiamka akaanza kuwatukana, mpelekeni hospitali.

Bi Nesi, mume wangu anavuka feri kila siku kwenda kunywa methadoni. Amerudi kuwa mtu, anasukuma mkokoteni, hela analeta. Majirani wanasema amehama ulevi mmoja kaingia mwingine. Mwezi uliopita alikutwa na kifua kikuu akaanzishwa vidonge, vile vinavyofanya mkojo uwe rangi ya chungwa. Tangu hapo, usiku anapiga miayo, anatoka jasho, miguu haitulii kitandani. Naijua arosto nikiiona. Je, ameanza tena na ananificha? Na hii methadoni ni mpaka lini? – Mke, Likoni

Usimfanyie upelelezi, mwanangu. Jibu liko kwenye huo huo mkojo wa chungwa. Rangi hiyo ni ya rifampisini, na rifampisini hulifanya ini kuivunja methadoni haraka kuliko kawaida. Anakunywa dozi ile ile ya asubuhi, lakini ikifika usiku imebaki kidogo mwilini. Anachokipata ni arosto ya kweli, bila ya kugusa unga. Mwende pamoja kesho, na vidonge vyake vya kifua mkononi, mumwonyeshe daktari wa methadoni. Dozi itapandishwa. Vidonge vya kifua asiviache hata siku moja, na methadoni asijiongezee mwenyewe. Na siku atakayomaliza vidonge, baada ya miezi 6, awaambie tena kliniki, kwa sababu ini litarudi kwenye mwendo wake na dozi iliyopandishwa itakuwa kubwa mno. Watu hukumbuka kupandisha, kushusha wakasahau.

Kitu kimoja nitakuomba umchunguze: asije akatafuta bugizi, vile vidonge vya usingizi vya mtaani, ili alale. Bugizi na methadoni zikikutana huzima pumzi. Pombe nayo ni hivyo hivyo.

Majirani sitawajibu kwa maneno mengi. Pale dirishani nilikuwa nikimpa mtu kikombe, anakunywa mbele yangu, nampa maji, kisha namwuliza, "Leo utakula nini?" Lazima ajibu, ili nijue amemeza na hakuibana mdomoni akaiuze nje. Kwa majibu yale nilijua nani amepata kibarua bandarini, nani amerudiana na mkewe, nani kashinda njaa. Aliyelewa hajibu hivyo. Mumeo anavuka feri, anasukuma mkokoteni, anakuletea hela. Hao majirani wamwombe awasaidie kubeba kitu waone kama ni mlevi.

Mpaka lini? Chini ya mwaka mmoja nisingeligusa swali hilo. Wengine huchukua miaka, na wanaoharakishwa kuacha wengi hurudi kwenye unga. Mwaka 2000 McLellan na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba 40 hadi 60% ya waliotibiwa ulevi wa namna mbalimbali huteleza ndani ya mwaka, na kwamba wagonjwa wa presha na wa pumu huzidiwa tena kwa kiwango kama hicho au zaidi. Mwenye presha akizidiwa hatumfukuzi kliniki, tunamrekebishia dawa.

Nesi, mimi ni dereva wa tuktuk Changamwe. Natafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, kila siku, karanga na chingamu, mpaka saa nane usiku. Nataka kuacha. Kuna methadoni ya muguka? – Dereva

Hakuna. Methadoni ni ya jamii ya heroini tu, na kwa muguka bado hakuna kidonge cha namna hiyo; yeyote atakayekuuzia anakula hela yako. Amri ya kaunti ya Mei 2024 ya kupiga marufuku muguka ilifika mpaka kortini, na wewe bado unaununua, kwa hiyo serikali tuiweke kando. Ukiacha, siku za kwanza utalala sana, utakuwa mzito, mwenye hasira na ndoto mbaya. Hupita. Usiendeshe usiku siku hizo.

Kilichofanya kazi kwa watu wa kokeini, ambayo nayo haina kidonge chake, ni ajabu kidogo. Stephen Higgins kule Vermont, mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwapa vocha za kununulia bidhaa kila mkojo ulipopimwa ukawa safi. Kila walivyoendelea bila kuteleza, vocha ikakua, na wakiteleza ikarudi chini kabisa. Wewe mpe dada yako hela yako ya muguka kila asubuhi. Siku usiyotafuna inaingia kwenye simu ya mtoto wako, siku uliyotafuna inabaki kwa dada. Awe dada mkali, asiwe rafiki wa kijiweni. Ukishindwa, piga 1192, namba ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haitozi hela, uombe mshauri wa ana kwa ana.

Niko kwenye methadoni na Ramadhani inakaribia. Nifunge vipi? – Muumini, Majengo

Suala la ruhusa ya mgonjwa muulize sheikh wako, na mwambie wazi ni dawa gani, usimfiche. Kwa upande wangu: methadoni hunywewa, kwa hiyo mchana itakufunguza. Lakini kwa kuwa inakaa mwilini zaidi ya saa 24, daktari anaweza kukupangia saa nyingine, kama kliniki inaweza kukuhudumia baada ya magharibi. Waulize Shaabani, usingoje mwezi uandame. Usiruke siku, wala usinywe mara mbili kufidia. Na ukikosa siku 3 mfululizo au zaidi, waambie kabla hujapokea kikombe: utashushiwa dozi na kupandishwa tena taratibu, hata kama mwenyewe unahisi unaiweza ile ya zamani.