Maswali ya Wasomaji: Kichocheo Chenye Matundu Hufanyia Kazi Wapi?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 ilitolewa kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kazi yao ya viunzi vya metali na oganiki, na kwamba viunzi hivyo hutumika pia kama vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemia bila vyenyewe kuisha. Mimi huwafundisha wanafunzi kwamba kichocheo kigumu hufanya kazi kwenye uso wake tu. Matundu ya ndani yana faida gani, na mkemia anajuaje kwamba kazi imefanyika humo?

JIBU: Mwalimu, unachofundisha ni sahihi, ila katika viunzi hivi uso umeingia ndani. Katika punje ya metali ya kawaida, atomi nyingi zimefukiwa mahali ambapo kitendanishi, yaani molekuli inayotakiwa kubadilishwa, hakifiki. Kiunzi kimejengwa kwa vifundo vya metali vilivyounganishwa na molekuli za oganiki mithili ya boriti kati ya nguzo, hivyo karibu kila kifundo kinapakana na uwazi.

Hata hivyo, uwazi peke yake hauchochei kitu. Sharti metali iwe na nafasi ya kushika kitendanishi. Tazama HKUST-1, kiunzi cha shaba kilichotangazwa Hong Kong mwaka 1999. Kikiwa kibichi ni unga wa rangi ya feruzi, kwa kuwa kila atomi ya shaba imeshikwa na molekuli ya maji. Ukikipasha moto katika ombwe, maji hutoka, rangi hukolea na kuelekea zambarau, na pale yalipokuwa maji panabaki wazi kwa molekuli nyingine. Ukikisahau kwenye hewa yenye unyevu, feruzi hurudi, na kazi yako imepotea. UiO-66, kiunzi cha zirkoni, kina kichekesho chake: fuwele isiyo na dosari ina viunganishi 12, yaani zile molekuli za oganiki, kwa kila kifundo na haina pa kushikia, kwa hiyo wakemia huongeza asidi makusudi wakati wa kuitengeneza ili baadhi ya viunganishi vikosekane.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali lako, yapo majaribio mawili. La kwanza ni la ukubwa: molekuli ndogo ipitayo tunduni hushindanishwa na kubwa ya jamii ileile isiyopita, na zikimenyuka kwa kasi ileile, yaelekea kazi inafanyika nje. La pili, ambalo mimi hulitafuta kwanza katika ripoti yoyote, ni kuchuja moto. Mmenyuko ukifika nusu, unga huchujwa kabla mchanganyiko haujapoa, kwani metali iliyovuja inaweza kurudi kunata kwenye unga baridi. Kimiminiko kilichochujwa kikiendelea kumenyuka kwa kasi kuliko kisicho na kichocheo, basi mchochezi ni metali iliyoyeyuka, na kiunzi kilikuwa ghala lake tu.

Usiridhike pia na madai kwamba unga ulitumika mara tano na kila mara ukatoa mazao yote. Kichocheo kilichopoteza nusu ya nguvu zake bado humaliza kazi kikipewa saa za kutosha. Kinachopaswa kulinganishwa ni kasi ya dakika za mwanzo.