Duka la vyakula vya nyumbani katika mji wa machinjio Marekani

Kabla ya kusaini mkataba wa pango, chunguza saa za zamu kiwandani. Katika miji kama Garden City na Dodge City kule Kansas, au Fort Morgan huko Colorado, maisha yanafuata kengele ya kiwanda cha nyama wanakofanya kazi wateja wako. Zamu ya kwanza hutoka alasiri, ya pili hutoka karibu na usiku wa manane. Duka la saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni halimfai mtu wa zamu ya kwanza, ambaye kwanza anakwenda nyumbani kuoga. Fungua asubuhi kwa ajili ya zamu ya pili, kisha alasiri hadi saa tatu usiku. Ukitaka kupumzika, pumzika saa za adhuhuri.

Karatasi si ngumu. Sajili kampuni jimboni, omba EIN, yaani namba ya kodi ya biashara, kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kupitia mtandao (ni bure, usimlipe mtu), kisha chukua kibali cha kodi ya mauzo na leseni ya chakula. Uliza ofisi ya mji kama jengo linaruhusiwa kuuza chakula kabla hujatoa amana. Usome mkataba pia: mikataba mingi ya biashara humbebesha mpangaji kodi ya jengo, bima na matengenezo juu ya pango lenyewe.

Usianze kwa kuagiza kontena. Chakula kinachotoka nje lazima FDA, idara ya Marekani ya chakula na dawa, ipewe taarifa kabla hakijafika bandarini, na kiwanda kilichokitengeneza kiwe kimesajiliwa kwao. Anza na wauzaji wa jumla wa miji mikubwa. Wakongo watakuuliza sombe (kisamvu), ndagala (dagaa), makayabu (samaki wa chumvi), mawese na unga wa muhogo. Kwa ugali, usinunue unga wa tortilla kama Maseca: mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa, ladha ni nyingine na ugali haushikani vile wateja wanavyoutaka. Tafuta unga mweupe wa mahindi wa kawaida.

Mtaji mkubwa utaingia kwenye friza. Iwe nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, na kipimajoto kiwe ndani, kisomwe kila asubuhi. Umeme ukikatika usifungue mlango; friza iliyojaa hudumu takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Sasa SNAP, msaada wa chakula wa serikali unaolipwa kwa kadi ya EBT, maana hapa ndipo maduka mazuri yanapoangukia. Kuomba kibali cha kupokea kadi hiyo ni bure. Kwa miaka mingi kiwango cha chini cha vyakula dukani kimekuwa aina 3 katika kila moja ya makundi 4: mboga na matunda, nyama na samaki, maziwa, mikate na nafaka. Mwaka 2025 serikali ilipendekeza aina 7 kwa kila kundi, kwa hiyo panga rafu kwa kiwango hicho cha juu. Maduka yetu hukwama kwenye maziwa. Weka mtindi, jibini, maziwa ya kawaida na ya unga. Chai, soda na viungo havihesabiwi. Sambusa ya moto hailipiwi kwa kadi hiyo. Sambusa iliyogandishwa inalipiwa.

Halafu kuna daftari la madeni. Usilifute, kwa sababu familia iliyofika juzi inakula kwa daftari hilo mpaka mshahara wa kwanza utoke, na wanaosaidiwa wakati huo hawatakusahau. Lakini SNAP hairuhusiwi kulipia deni. Mama akichukua unga leo, ukapitisha kadi yake salio likiingia wiki ijayo, duka lako linaweza kufungiwa kupokea SNAP mwaka mzima. Kumpa mtu fedha taslimu kwa salio lake ni kosa la kufungiwa kabisa, hata mara ya kwanza. Usimshikie mteja kadi wala namba yake ya siri, hata akikusihi. Deni liwe la kulipwa kwa fedha tu, liwe na kikomo, tuseme dola 60 kwa familia, na lilipwe siku ya mshahara kabla ya kuchukua jingine. Anayeomba zaidi akiwa mzee wa heshima, mwambie, “Mzee wangu, daftari la wiki hii limefungwa,” na umpe mkate bure.

Jua pia kwamba sheria ya Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi wengi kwenye SNAP hadi wapate kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Wahimize wateja waiombe mara tu wanapotimiza mwaka mmoja nchini.

Ukiwa wakala wa kutuma fedha nje ya nchi, wajulishe wateja kwamba tangu Januari 2026 anayelipa kwa taslimu anakatwa kodi ya asilimia 1, na anayelipa kwa kadi ya benki ya Marekani hakatwi.

Hatari kubwa kuliko zote ni kiwanda chenyewe. Perry, Iowa, ilipoteza kiwanda chake cha nyama ya nguruwe mwaka 2024, kazi karibu 1,300. Mwishoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba kiwanda cha nyama ya ng'ombe cha Lexington, Nebraska, chenye wafanyakazi wapatao 3,200, kingefungwa Januari 2026. Kwa hiyo usisaini pango la miaka mitano. Omba mwaka mmoja wenye haki ya kuongeza, nunua friza zinazohamishika badala ya chumba cha baridi cha kujengwa, na weka akiba ya pango la miezi mitatu benki kabla ya kuongeza rafu hata moja.