Usingoje Mashine, Uliza Kuhusu Dakika ya Kwanza

Msomaji mmoja wa Mtongwe, mimba yake miezi minane, ameniuliza: "Dada, nasikia Uingereza mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa hupozwa mwili ili ubongo usiharibike. Mombasa huduma hiyo naipata wapi?"

Namjibu hapa kwa kuwa sote twataka mtoto mzima na akili zake.

Binti yangu alizaliwa kimya. Nilikesha kwenye kituo kidogo huko Likoni, chupa imepasuka, maji ya kijani, nikaambiwa ni kawaida. Maji ya kijani ni kinyesi cha mtoto, na huenda anataabika tumboni. Mama mkwe ndiye aliyenitoa pale kwa ukali, tukavuka feri. Mkunga wa ng'ambo akasikiliza moyo, akasema, "Mtoto amechoka," na watu wakaanza kukimbia. Alitoka mlegevu, rangi ya buluu. Mkunga hakumning'iniza, hakumpiga makofi wala kumrushia maji. Alimkausha, akamsugua mgongo, na alipoona hapumui akamvika barakoa ndogo akampulizia hewa kwa mfuko wa mkono, yote ndani ya dakika ya kwanza. Akalia. Leo ananisomea hadithi jioni, nami najivunia. Wale wa kituo kile pole yao sijaisikia.

Sasa kuhusu kupoza. Hewa ikisharudi, ubongo hutulia saa chache, kisha seli huanza kufa upya. Ndiyo maana kupoza huanza kabla ya saa 6 kupita: mwili hushushwa hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, katika wodi ya wagonjwa mahututi. Lakini utafiti wa India, Bangladesh na Sri Lanka uliochapishwa 2021 ulionyesha kuwa waliopozwa hawakupata nafuu, na waliokufa kati yao walikuwa wengi zaidi. Kwa hiyo dada, usitafute mashine, na asije mtu akamfunga mtoto vitambaa baridi nyumbani. Mtoto wa namna hiyo alazwe, asiachwe na homa, sukari isishuke, degedege litibiwe.

Pigania kabla ya hapo. Nenda utakapozalia ukaulize: mfuko wa hewa na barakoa ya kichanga viko chumba cha kuzalia, au vimefungiwa kabatini? Zamu ya usiku nani anajua kuvitumia? Ukihitaji upasuaji saa nane za usiku, mtavukaje? Usione haya; ukiitwa mjuaji, itika. Mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyo hiyo. Dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu usiguse, hata akikuletea shangazi: mji wa mimba ukikaza bila kulegea, damu yenye hewa haimfikii mtoto. Ukiona maji ya kijani nawe waambiwa ungoje, sema unataka moyo wa mtoto usikilizwe sasa hivi, mbele yako. Wakikataa, mwambie mumeo aite gari.