Furungu la bibi: silikoni ni ya nta, si ya fedha
Dadangu uliyeuliza kama fedha iliyoyeyushwa yaweza kumiminwa moja kwa moja kwenye kalibu (chombo cha kumiminia umbo) ya silikoni ya furungu la bibi yako, ile bangili ya mguuni: la, haiwezi. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 961, silikoni itakuwa imeshaungua zamani. Humo mimina nta. Nakala ya nta ndiyo uizike kwenye plasta ya kuhimili moto (si ile ya dari!), uichome mpaka itoke yote, kisha fedha iingie mahali pake. Siwa ya shaba, ile baragumu ya sherehe iliyoko Makumbusho ya Lamu ilisubiwa kwa njia ya nta vilevile. Na unapotengeneza kalibu, udongo wa kushikilia furungu usiwe na salfa. Wangu ulikuwa nayo: furungu langu lilitoka jeusi, na silikoni ikabaki inanata kama halua.